Kimbunga Kisicho na Pwani

Sogeeni, wanangu. Leo nawaletea habari za kimbunga ambacho hakijawahi kugonga ufuko wowote, hakijang'oa mnazi hata mmoja, wala hakuna mwanadamu aliyewahi kusikia mvumo wake. Mwaka 1831, enzi za Seyyid Said, tayari kilikuwa kinavuma. Walipozaliwa bibi wa bibi zenu kilikuwa kinavuma. Na sasa hivi, mnapousoma mstari huu, bado kinavuma.

Kiko kwenye Mshtarii, sayari ya tano kutoka kwenye jua na kubwa kuliko zote. Mmeshaiona, hata kama hamkujua jina lake: ni ile "nyota" nyeupe yenye mwanga mzito uliotulia, isiyometameta kama zile zilizo jirani yake. Kwa macho matupu ni nukta tu. Ukiitazama kwa darubini nzuri, nukta inageuka kuwa duara lenye mistari myeupe na ya kahawia, na upande wa kusini wa duara hilo unakuta alama yenye umbo la yai, nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa. Wanaastronomia wanaiita Doa Kuu Jekundu. Hilo doa ndilo kimbunga chenyewe. Ukikipima kutoka mashariki hadi magharibi, Dunia yetu nzima, mabara na bahari zake, inaenea humo na nafasi inabaki.

Swali ninalotaka tulijibu pamoja ni hili: imekuwaje dhoruba ikaishi miaka mingi hivyo? Ili tulijibu, inabidi kwanza tujue dhoruba za kwetu zinakufaje.

Mkumbuke Kimbunga Freddy. Kilizaliwa mwanzoni mwa Februari 2023 karibu na Australia, kikaivuka Bahari ya Hindi yote, kikaipiga Madagaska, kikaipiga Msumbiji, kikarudi baharini kukusanya nguvu, kikaipiga Msumbiji mara ya pili, kisha mvua zake zikasababisha mafuriko na maporomoko ya udongo huko Malawi. Watu wengi walipoteza maisha. Kiliishi zaidi ya wiki 5, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekitambua kuwa ndicho kimbunga cha kitropiki kilichoishi muda mrefu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Wiki 5 tu, na hiyo ndiyo rekodi ya dunia nzima!

Sababu ni kwamba kimbunga cha kwetu kinaishi kwa maji ya bahari yenye joto. Maji yanageuka mvuke, mvuke unapanda, huko juu unapoa na kuwa mawingu, na unapogeuka hivyo unaachia joto ulilolibeba. Joto hilo ndilo linalousukuma upepo. Kimbunga kikipanda nchi kavu kinakosa chakula hicho. Tena kinaanza kukwaruzana na milima, misitu na majumba, na kila mkwaruzo unapunguza kasi yake. Siku chache baadaye kinabaki mvua tu. Nchi kavu ndiyo kaburi la vimbunga.

Sasa twende Mshtarii, ambako kaburi hilo halipo.

Mshtarii haina ardhi. Haina mlima, haina bonde, haina ufuko. Karibu yote imeundwa kwa haidrojeni na heliamu, gesi nyepesi kuliko zote. Ungeanguka ndani ya mawingu yake, usingefika chini ukasimama. Ungezidi kushuka tu, hewa ikizidi kuwa nzito na kuwa na joto, hadi mgandamizo uwe mkubwa kiasi cha kuifanya haidrojeni iwe na tabia ya kimiminika, pole pole, bila mpaka wa kusema hapa gesi imekwisha na hapa bahari imeanza. Kimbunga kinachozaliwa humo hakina pa kujikwaa.

Jambo la pili ni mzunguko. Upana wa Mshtarii kwenye ikweta unakaribia kilomita 143,000, yaani mara 11 ya upana wa Dunia, lakini sayari hiyo nzito inajizungusha na kumaliza siku yake kwa muda usiotimia saa 10. Hebu fikirini: jua linachomoza na kuzama, na siku nzima imekwisha kabla mwanafunzi wa sekondari hajarudi nyumbani kutoka shule. Mtu aliyesimama kwenye ikweta ya Dunia anabebwa kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Mawingu ya ikweta ya Mshtarii yanabebwa kwa kasi ya takriban kilomita 45,000 kwa saa. Mzunguko huo mkali unazipinda pepo zote na kuzinyoosha ziwe kanda ndefu zinazoizunguka sayari nzima, moja ikielekea mashariki, inayofuata ikielekea magharibi, kupishana hivyo hivyo kutoka ikweta hadi karibu na ncha.

Mistari mnayoiona kwenye picha ni kanda hizo. Kwenye ile myeupe, hewa inapanda na gesi ya amonia inaganda kuwa mawingu ya barafu, katika baridi ya takriban nyuzi 145 chini ya sifuri. Kwenye ile ya kahawia mawingu hayo ya juu ni haba, hivyo tunatazama ndani zaidi, kwenye mawingu mengine yenye salfa. Na chini ya hayo kuna mawingu ya maji, maji haya haya ya mvua tunayoyajua.

Na joto la kuendesha mashine yote hiyo linatoka wapi? Mshtarii iko mbali, kilomita milioni 778 kutoka kwenye jua, na mwanga unaoifikia ni hafifu sana ukilinganisha na wetu. Lakini sayari hiyo ina joto lake la ndani, lililobaki tangu ilipoumbwa na kujikusanya, na bado linavuja kidogo kidogo kuelekea juu. Kwa jumla, Mshtarii inatoa karibu mara mbili ya joto inalolipata kutoka kwenye jua. Kwa hiyo dhoruba zake hazisubiri msimu wa joto. Jiko liko chini yake mwaka mzima, na mwaka wa huko ni karibu miaka 12 ya kwetu.

Doa Kuu Jekundu limekaa nyuzi 22 hivi kusini mwa ikweta ya Mshtarii, limebanwa kati ya pepo mbili. Ule wa kaskazini yake unavuma kuelekea magharibi, ule wa kusini yake unavuma kuelekea mashariki. Chukua donge la unga wa chapati, liweke kati ya viganja vyako viwili, kisha peleka kiganja kimoja mbele na kingine nyuma. Donge linazunguka palepale. Ndivyo pepo hizo mbili zinavyolizungusha doa, bila kuliruhusu lipande kaskazini wala literemke kusini. Kwenda mashariki na magharibi linakwenda, na limeshaizunguka sayari mara nyingi, ila halitoki kwenye njia yake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Doa hili halifanani na Freddy kwa tabia. Katikati ya Freddy mgandamizo wa hewa ulikuwa mdogo, na kwa kuwa alikuwa kusini mwa ikweta, alizunguka kufuata mishale ya saa. Doa Kuu nalo liko kusini mwa ikweta, lakini linazunguka kinyume cha mishale ya saa, kwa sababu katikati yake mgandamizo ni mkubwa. Ni kilima cha hewa, si shimo. Mawingu yake yameinuka kilomita kadhaa juu ya mawingu yanayolizunguka. Ukingoni upepo ni mkali ajabu: vipimo vya darubini ya anga ya Hubble vilivyotangazwa mwaka 2021 vilionyesha kasi inayopita kilomita 640 kwa saa, na kwamba pepo hizo za ukingoni zilikuwa zimeongeza kasi katika miaka 10 iliyotangulia. Katikati, upande wa ndani, pametulia.

Tena doa linakula. Vijidoa vidogo, yaani dhoruba changa zinazopelekwa na pepo zile zile, vikilikaribia huvutwa, hunyooshwa, kisha humezwa, na nguvu yake ya kuzunguka huongezeka kwenye nguvu ya doa. Chombo cha Voyager 1 kilipokuwa kinaikaribia Mshtarii mwanzoni mwa mwaka 1979, kilipiga picha mfululizo, na picha hizo zilipounganishwa zikawa filamu, watu waliona kwa mara ya kwanza jinsi vijidoa vinavyofika, vinavyozungushwa ukingoni, na kutoweka. Filamu hiyo ipo hadi leo. Itafuteni muione, maana maneno yangu hayawezi kuifikia.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye karne ambazo hakukuwa na chombo chochote angani, maana hapo ndipo hadithi hii inaponinogea mimi zaidi.

Mwaka 1665 mwanaastronomia Mwitaliano, Giovanni Domenico Cassini, aliona doa jeusi kwenye Mshtarii, kwenye latitudo ile ile ya kusini. Likapotea, likarudi, likapotea tena, likarudi, naye akaliita Doa la Kudumu. Mwaka 1711 mchoraji Donato Creti wa Bologna alichora mfululizo wa picha za watu wanaotazama sayari, zikapelekwa kama zawadi kwa Papa Klementi wa 11 ili kumshawishi asaidie kujenga kituo cha kutazamia nyota mjini Bologna. Katika picha ya Mshtarii doa lipo, tena limepakwa rangi nyekundu. Mara ya mwisho doa la Cassini kuandikwa na watazamaji ilikuwa 1713. Baada ya hapo ni kimya. Miaka 118 ikapita, darubini zikazidi kuwa bora, watu wakazidi kuitazama Mshtarii, na hakuna aliyesema ameona doa mahali pale.

Kisha, Septemba 1831, mtu mmoja aliyeitwa Heinrich Schwabe, mfamasia wa mji wa Dessau nchini Ujerumani, alichora Mshtarii kama alivyoiona kwenye darubini yake. Kwenye mchoro wake ukanda wa kusini una mbonyeo, kama vile kitu kimeusukuma ukapinda. Hakusema ameona kimbunga. Alichora alichokiona, akaandika tarehe, akaendelea na kazi yake ya kuhesabu madoa ya jua. Leo tunajua kilichoubonyeza ukanda ule: Doa Kuu lenyewe lilikuwa limekaa humo. Mnamo 1878 na 1879 rangi yake ilikolea hata watu wengi wakaliona na kuliandika, na tangu hapo halijakosa mtu wa kulifuatilia.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba doa la Cassini na doa letu ni moja, na kwamba lina umri wa zaidi ya miaka 350. Huenda na vitabu vya shuleni kwenu vinasema hivyo. Lakini mwaka 2024 Agustín Sánchez-Lavega wa Chuo Kikuu cha Nchi ya Basque, huko Hispania, pamoja na wenzake, walikusanya michoro na vipimo vyote vya zamani, wakapima ukubwa wa madoa yale na mwendo wake, wakaona havilingani. Doa la Cassini lilikuwa dogo mno. Haielekei lingetoweka kwa zaidi ya karne moja, kisha lizuke tena likiwa kubwa vile. Hitimisho lao ni kwamba doa la Cassini lilikufa, na hili letu ni jingine, lenye umri wa angalau miaka 190. Walijaribu pia kwenye kompyuta kuona lingezaliwaje, na lililoelekea zaidi ni kwamba zile pepo mbili zinazopishana ziliyumba, zikafunga mzunguko mrefu mwembamba katikati yao, na mzunguko huo ukajikaza mwaka hadi mwaka hadi ukawa doa.

Mimi nawaamini. Na linalonigusa ni kwamba kesi hiyo isingeamuliwa kama mfamasia wa Dessau angeona uvivu kuchora usiku ule.

Kwa hiyo hata vimbunga vya Mshtarii hufa. Na hili letu linapungua. Mwishoni mwa karne ya 19 upana wake ulikuwa takriban kilomita 40,000, yaani Dunia tatu zingepangwa ndani yake. Voyager ilipopita mwaka 1979 ulikuwa kilomita 23,300. Aprili 2017 ulipimwa ukawa kilomita 16,350. Kadiri linavyosinyaa linazidi kukaribia umbo la duara, na pia linazidi kwenda juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha mwaka 2024, kwa kutumia mfano wa kompyuta, kwamba doa likipata dhoruba ndogo nyingi za kumeza hukua, na likizikosa hupungua. Yaani huenda lina njaa. Mwaka huo huo Hubble iligundua kwamba doa linatikisika: kwa siku 90 hivi za kutazamwa, kuanzia Desemba 2023, lilionekana likibanwa na kutanuka, likibadilisha ukubwa wake kidogo kidogo.

Je, lina kina gani? Swali hili lilisubiri chombo cha Juno cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilichofika Mshtarii tarehe 4 Julai 2016. Nitawaeleza jinsi walivyopima, kwa sababu ni kazi ya akili nyingi. Penye rundo la kitu kizito pana mvutano mkubwa kidogo kuliko penye kitu chepesi. Juno ikipita juu ya doa kwa kasi ya takriban kilomita 209,000 kwa saa, uzito wa kimbunga kilicho chini yake unaivuta kidogo mno, na kasi yake inabadilika kidogo mno. Chombo hicho kinatuma mawimbi ya redio kwenda Duniani, na badiliko lolote la kasi yake linabadilisha mawimbi hayo. Mwaka 2019 Juno ilipita juu ya doa mara mbili kwa kazi hiyo, na wanasayansi walifaulu kugundua badiliko la kasi la sehemu moja ya mia ya milimita kwa sekunde, kutoka umbali wa zaidi ya kilomita milioni 650. Kutokana na hapo walikokotoa kwamba doa linashuka hadi kilomita 300, pengine 500, chini ya mawingu ya juu. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450. Simamisha barabara hiyo wima, na hicho ndicho kina cha kimbunga kimoja. Pepo zile mbili zinazolibana zinashuka zaidi, hadi kama kilomita 3,000.

Kuna chombo kimoja tu kilichowahi kutumbukia kwenye mawingu hayo na kutuma habari. Kilibebwa na chombo kikubwa kiitwacho Galileo, kikaingia tarehe 7 Desemba 1995 kwa kasi ya kilomita 170,000 hivi kwa saa, kikafungua mwavuli wake, kikashuka. Hakikuangukia kwenye doa, kiliangukia kaskazini kidogo ya ikweta, mahali pakavu penye mawingu haba. Kilipima pepo za zaidi ya kilomita 600 kwa saa, na hazikupungua kilipozidi kushuka, nalo hilo lilikuwa jambo jipya, maana lilionyesha kwamba pepo za Mshtarii hazitegemei jua linaloangaza juu peke yake. Kilidumu karibu dakika 58. Kisha joto na mgandamizo vikakizidi nguvu, redio yake ikanyamaza.

Kuhusu rangi, wanasayansi bado wanabishana. Barafu ya amonia ni nyeupe, haidrojeni na heliamu hazina rangi. Wekundu umetoka wapi? Kuna wataalamu waliochukua amonia na asetilini, gesi ambazo zote zimo kwenye angahewa ya Mshtarii, wakazipiga kwa mwanga wa urujuanimno maabara, wakapata kitu chekundu kinachofanana sana na rangi ya doa. Kwa maelezo hayo, wekundu ni utando wa juu tu: doa limeinua mawingu yake juu kuliko jirani zake, na jua likayababua. Wengine wanaishuku salfa iliyo kwenye mawingu ya chini.

Na doa jingine lilishawahi kugeuka jekundu watu wakiliona. Tangu takriban mwaka 1940 kulikuwa na madoa matatu meupe kusini ya Doa Kuu. Mwaka 1998 mawili yaligongana yakawa moja. Mwaka 2000 hilo nalo likaungana na la tatu, likabaki doa moja, nalo likawa jeupe vilevile. Februari 2006 Christopher Go, mkazi wa Cebu nchini Ufilipino anayetazama sayari kwa mapenzi tu, si kwa ajira, alipiga picha kwa darubini yake ya nyumbani akaona doa lile si jeupe tena. Limekuwa jekundu! Akawaarifu wengine, na darubini kubwa za dunia zikaelekezwa huko. Mashirika yenye mabilioni hayakuwa yameliona. Aliyeliona ni mtu mmoja aliyeamka usiku na kutazama.

Ninyi mnaopenda mambo ya ajabu, zitafuteni pia picha za ncha za Mshtarii. Kabla ya Juno hatukuwahi kuziona vizuri, kwa sababu kutoka Duniani tunaitazama sayari hiyo kwa ubavu. Juno ilipopita juu yake, ilikuta kwenye ncha ya kaskazini kimbunga kimoja katikati na vingine 8 vimekizunguka, vimepangana bila kugongana. Kwenye ncha ya kusini kilikuwepo kimoja katikati na vingine 5. Kila kimoja kina upana wa maelfu ya kilomita. Habari hiyo ilitangazwa Machi 2018, na tangu hapo vimbunga hivyo vimeendelea kukaa pamoja, vinasukumana bila kumezana.

Tena kwenye Mshtarii kuna mvua ya mawe, na kuieleza tuanze na radi. Radi za kwetu zinahitaji maji na barafu vigongane ndani ya wingu. Juno iliona vimulimuli vya radi ndogo ndogo juu sana, mahali penye baridi ambayo maji hayawezi kubaki maji. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2020 ni kwamba dhoruba zinarusha chembe za barafu juu, zinakutana na mvuke wa amonia, na amonia inaiyeyusha barafu hata katika baridi ile. Mchanganyiko huo unagandamana kuwa mabonge, nje barafu, ndani uji wa maji na amonia, yanayozidi kuwa makubwa hadi hewa inashindwa kuyabeba. Yanaanguka. Hakuna paa la kugonga wala shamba la kuharibu, hivyo yanashuka tu hadi joto la chini liyayeyushe na kuyageuza mvuke. Ndiyo maana amonia ilipungua mahali ambapo wanasayansi walitegemea kuikuta, hata ndani sana ya angahewa: mvua hiyo ya mawe imeibeba na kuipeleka chini.

Basi, wanangu, sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati. Kwa watu wa London kuna miaka ambayo Mshtarii hukaa chini karibu na upeo wa macho, nyuma ya moshi na mapaa ya nyumba. Kwetu Mombasa, Tabora, Kampala au Bukavu hupita juu kabisa, mahali ambapo hewa ni safi zaidi ya kutazamia. Kila baada ya miezi 13 hivi inafika upande wa anga ulio kinyume na jua kwa jinsi tunavyoitazama, na wakati huo huchomoza jua linapozama na kuonekana usiku kucha. Darubini ndogo ya macho mawili, ukiiegemeza vizuri ukutani isitikisike, inakuonyesha miezi yake minne mikubwa, ile aliyoiona Galileo Galilei mwaka 1610. Darubini ndogo ya kusimama juu ya miguu mitatu inakuonyesha mikanda miwili ya kahawia. Doa ni gumu zaidi. Linahitaji darubini kubwa kidogo na hewa iliyotulia, na sayari inavyozunguka linaonekana vizuri kwa saa kama mbili tu kabla halijasogea ukingoni. Ukilikosa, litarudi baada ya saa 10.

Mwombe mwalimu wako wa fizikia au jiografia aulize kama chuo au klabu ya sayansi iliyo karibu ina darubini. Usiku utakaoitazama, nenda na penseli na karatasi. Chora duara kabla ya kwenda, ili kazi ya usiku iwe kuijaza tu. Chora unachokiona na si unachokijua kutoka kwenye picha, hata kama ni mstari mmoja uliofifia. Kisha andika pembeni tarehe, saa, na mahali uliposimama, maana mchoro usio na tarehe hauna msaada kwa mtu yeyote atakayekuja kuuliza doa lilikuwa na ukubwa gani katika siku zako.